Dawa ya majani: si yote unayomeza inafika ndani ya damu

Mwaka 2018, mwezi wa tatu, wakati mvua ilikuwa ingali inanyesha karibu kila siku, kijana wetu wa pili alipatwa na homa. Alikuwa na miaka 11. Alitetemeka, kichwa kilimuuma, akakataa bukari. Mimi baba yake sikumpeleka dispanseri. Dawa ilikuwa nyuma ya nyumba yangu.

Wengi wenu mnaujua ule mmea, Artemisia, wenye majani membamba na harufu kali. Mimi mwenyewe niligawa miche yake kanisani, siku ya Yenga, baada ya ibada. Nilisema mbele ya watu: "Wazazi, malaria isiwamalizie tena mfuko." Basi mtoto wangu alipougua, ningefanya je? Mama yake alichukua majani makavu, akayatia ndani ya litre moja ya maji ya moto, na kijana akanywa asubuhi, saa sita na jioni, siku saba. Siku ya tatu homa ikaondoka. Akala, akacheza mpira. Siku ya Mercredi nilitoa ushuhuda katika kikundi cha maombi.

Siku ya 19 homa ilirudi. Usiku ule mtoto alipatwa na degedege. Tulimpakia kwenye moto, mimi nyuma nikimshika, mvua inatupiga, mpaka lopitali. Damu yake ilikuwa imepunguka hata mdomo ukawa mweupe. Walimchoma sindano za artesunate, wakamwongezea damu. Siku tisa tulilala pale. Namshukuru Mungu, mtoto yuko mzima. Lakini ninaandika habari hii kwa sababu watu walipanda ile miche kwa neno langu, na ni haki yao kujua nilichojifunza katika zile siku tisa.

Swali la mama mganga

Aliyenifundisha ni mama mmoja, mganga wa siku nyingi, karibu kupata pansio. Usiku wa pili alikuja kupima joto la mtoto, akaniuliza:

"Pasta, nyumbani mulimunywesha nini?"

"Artemisia, mama."

Hakucheka, wala hakunikaripia. Aliuliza tu: "Ile majani iko na dawa, ao hapana?"

"Iko nayo, mama. Hata wazungu banakubali."

"Basi, dawa ilifika wapi?"

Sikuwa na jibu. Akavuta kiti. Baba yake alifanya kazi miaka mingi katika usine ya Shituru, kule Likasi, kwa hiyo mfano wake ulitoka huko.

"Malakite iko na shaba?"

"Iko nayo mingi."

"Ukibeba libwe ya malakite mu mufuko, umebeba shaba. Utaweza kutengeneza waya na ile libwe? Hapana. Kwanza banaisaga. Banaitia mu aside, shaba inayeyuka. Kisha kuran ya umeme inaitosha mu maji. Majani mu tumbo ni vile vile. Kama dawa haiyeyuke, haiingie mu damu. Na kama inaingia, ini ingali inaingoja."

Wapendwa wasomaji, ninyi mnaoishi karibu na migodi mnaelewa mfano huu kuliko watu wa mahali pengine. Kila mchimbaji anajua kwamba kilo mia za mawe si kilo mia za shaba. Lakini tukiwa wagonjwa tunasahau. Tunahesabu vikombe tulivyokunywa. Tunapima uchungu kwa ulimi, na tukiona ni chungu sana tunasema dawa hii ina nguvu. Malaria haikai juu ya ulimi. Inakaa ndani ya damu, na nguvu ya dawa lazima ihesabiwe pale.

Bariere tatu njiani

Ukimeza dawa, bado haijaingia mwilini. Neno hili lilinishangaza. Tumbo na matumbo ni mfereji mrefu unaopita katikati ya mtu, toka kinywani mpaka chooni, na kitu kinaweza kupita mfereji wote kikatoka bila kuingia hata kidogo. Utumbo mdogo peke yake, kwa mtu mzima, una urefu wa karibu metre 6. Hapo ndipo sehemu kubwa ya chakula na dawa huingia katika damu.

Fikiri juu ya camion iliyopakia magunia, inatoka mgodini kwenda mjini. Njiani kuna bariere, na kwenye kila bariere magunia fulani yanashushwa. (Wenye camion hawatahitaji nieleze zaidi.) Bariere ya kwanza ni kuyeyuka. Dawa inapaswa kutoka katika jani na kuyeyuka ndani ya maji ya tumbo ao ndani ya mafuta ya chakula. Isipoyeyuka inapita tu. Ya pili ni ukuta wa utumbo wenyewe: kuna vitu ambavyo ukuta unavirudisha nyuma, na vingine unavivunja palepale. Ya tatu ni ini. Damu yote inayotoka matumboni inapita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwenye moyo na mwili wote. Mungu aliliweka pale kama mlinzi, lisafishe sumu. Lakini ini halijui kwamba hiki ni dawa umenunua kwa pesa nyingi na kile ni sumu. Kitu kigeni linakivunja.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mmea huu unaua mdudu wa malaria," muulize: unaua ndani ya chupa ya laboratoire, ao ndani ya damu ya mtu aliyeumeza? Kati ya hayo mawili kuna bariere tatu.

Wachina walifanya nini na jani hili

Mwaka 1967, wakati wa vita ya Vietnam, serikali ya China ilikusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria, kwa sababu chloroquine ilikuwa imeanza kushindwa. Mmoja wao alikuwa mama anayeitwa Tu Youyou. Yeye na wenzake walijaribu mimea mingi ya dawa za wazee wa China. Artemisia ilionyesha nguvu mara moja, kisha ikashindwa mara nyingine, na hawakuelewa sababu. Halafu mama huyu akasoma tena kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Mganga yule hakuagiza kuchemsha majani. Aliagiza kuyalowesha katika maji, kuyakamua na kunywa ule utomvu. Mama Tu akafikiri: labda moto wetu ndio unaoharibu dawa! Akaanza kuitoa kwa etha, inayochemka kwa joto dogo la digri 35 tu. Mwezi wa 10 mwaka 1971 dawa waliyotoa hivyo iliua vijidudu vyote ndani ya panya waliojaribiwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliimeza wenyewe kwanza, waone kama haina madhara. Mwaka 2015 alipewa zawadi ya Nobel.

Vijana, angalieni vizuri: hakudharau maneno ya mzee wa zamani, na hakuishia kwenye maneno ya mzee. Kwa maana kulikuwa na tatizo lingine. Dawa yenyewe, artemisinini, haiyeyuki vizuri ndani ya maji wala ndani ya mafuta. Ni kama mtoto anayekataa kukaa kwa baba, na kwa mama pia anakataa. Kwa hiyo wataalamu waliigeuza kidogo, wakapata ndugu zake wawili: artesunate, inayoweza kutengenezwa iyeyuke katika maji na hata kupigwa kwa sindano, na artemether, inayopenda mafuta. Ile sindano iliyookoa mtoto wangu ilitoka katika mmea uleule uliosimama nyuma ya nyumba yangu. Tofauti ilikuwa kiasi kilichofika ndani ya damu.

Kwa nini chai ilinidanganya

Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha hesabu za chai ya Artemisia. Walitia gramu 9 za majani katika litre moja ya maji, wanaume wazima wenye afya wakainywa, na damu yao ikapimwa. Litre nzima ilikuwa na miligramu 94 hivi za artemisinini. Hiyo haifiki sehemu moja ya tano ya kipimo cha siku moja cha mtu mkubwa. Tena, ndugu, tuseme ukweli wote: ile kidogo iliyokuwamo iliingia katika damu upesi, hata upesi kuliko ile ya vidonge. Chai inaingia vizuri. Shida ni kwamba imebeba kidogo, na inatoka haraka, kwa masaa machache tu.

Halafu ini nalo linajifunza. Ukimeza artemisinini kila siku, ini linaongeza wafanyakazi wa kuivunja. Watu waliopewa kipimo kilekile siku saba walipimwa, na siku ya 7 damu yao ilipata karibu robo tu ya kiasi cha siku ya kwanza. Mimi nilifikiri kwamba kunywa siku nyingi ni kuongeza nguvu. Kumbe kila siku ini la mtoto wangu lilikuwa linapunguza.

Hapa kwetu Congo pia walijaribu. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004, wagonjwa wa malaria walipewa chai ya Artemisia siku saba, na wengine walipewa quinine. Mwisho wa juma, kati ya 100 waliokunywa chai, 74 hivi walikuwa wamepona. Wa quinine 91. Hesabu nzuri, sivyo? Lakini katika majuma yaliyofuata, malaria ilirudi kwa wengi wa wale wa chai. Watafiti wakaandika kwamba chai peke yake haiwezi kushauriwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, nalo likasema kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ao majani ya Artemisia.

Basi homa ya mtoto wangu kuondoka siku ya tatu haukuwa uongo. Vijidudu vingi vilikufa kweli. Vilivyobaki vikazaana polepole, wakati baba yao wa kiroho anatoa ushuhuda.

Kinini bila mafuta

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mama anaweza kufanya leo jikoni kwake. Sisi tunaita kila kidonge kinini, kwa sababu kidonge cha kwanza ambacho watu wetu walikijua kilikuwa cha quinine, nayo ilitoka katika maganda ya mti. Siku hizi kinini cha malaria ambacho wengi wanapewa ni artemether na lumefantrine pamoja, ile ya Coartem na ndugu zake. Artemether inatoka kwa Artemisia. Lumefantrine haitoki katika mmea, lakini ndiyo inayobaki katika damu siku nyingi na kumaliza vijidudu vilivyosalia. Na lumefantrine inapenda mafuta kupita kiasi. Watu wazima wenye afya walipoimeza baada ya chakula chenye mafuta mengi, damu yao ilipata mpaka mara 16 kuliko walipoimeza kwa tumbo tupu. Mara 16! Kinini kile kile, bei ile ile.

Sababu yake si ngumu. Mafuta yakiingia katika utumbo, nyongo inamwagika kuyavunja yawe matone madogo sana, na dawa inapanda ndani ya matone hayo kama abiria. Bila mafuta hakuna gari, abiria anabaki kando ya njia.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kunilalamikia: "Pasta, ile Coartem ni ya bandia. Mutoto alimaliza boite yote, malaria inarudia." Nikamwuliza, "Alikuwa anaimeza na nini?" Akasema, "Na maji tu, alikataa kula." Inawezekana kweli ilikuwa ya bandia, maana dawa bandia ziko sokoni. Lakini inawezekana pia dawa nzuri ilipita mfereji wote na kuishia chooni.

Tena usifikiri unahitaji kuchinja mbuzi. Huko Thailand, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu wenye afya walikunywa maziwa ya soya kidogo tu, yenye mafuta ya gramu 1 na nusu robo hivi, nayo yakatosha kuingiza karibu dawa yote inayoweza kuingia. Kijiko kimoja cha karanga za kusaga kinapita kiasi hicho. Uji wenye karanga ao soya, sombe yenye mafuta ya ngazi, yai, samaki wa kukaanga, vyote vinafaa. Mtoto anayenyonya, mpe dawa kisha mpe ziwa; maziwa ya mama yana mafuta ya kutosha. Mgonjwa akikataa chakula siku ya kwanza, usingoje mpaka apate hamu ya kula, maana malaria haingoji. Mpe dawa na vijiko vichache vya uji wa karanga, na kipimo kinachofuata kitamkuta na nguvu kidogo. Akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie kipimo kile. Akitapika kila kitu, ao akishikwa na degedege, ao akilala bila kuamka vizuri, hiyo si kazi ya kinini wala ya majani. Kimbia lopitali, hata ni usiku wa manane.

Angalia tena: usichukue sheria ya mafuta na kuipeleka kwa kila dawa. Kuna kinini kingine cha malaria, cha artesunate na amodiaquine. Hicho hakifai kumezwa na chakula chenye mafuta mengi, kwa sababu amodiaquine inaingia kupita kiasi na kumsumbua mgonjwa. Na wale walio na kifua kikuu, ambao ni wengi kwetu kwa sababu ya vumbi la migodi, dawa yao ya rifampicine inaingia vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Unaona? Kila dawa ina tabia yake. Kabla ya kutoka dirishani, uliza: "Mama, hii naimeza na chakula ao bila chakula?" Swali hilo halilipishwi.

Manjano na pilipili manga

Vijana wamenionyesha katika simu zao matangazo ya unga wa manjano uliochanganywa na pilipili manga, eti unaponya maumivu yote ya viungo. Wachimbaji wanaununua sana kwa sababu ya migongo yao. Je, kuna ukweli? Upo, na unahusu mambo haya haya ya bariere.

Kitu cha nguvu katika manjano kinaitwa kurkumini. Katika kijiko cha unga ni kidogo sana, karibu gramu 3 katika gramu 100. Tena haiyeyuki katika maji, na ile inayoingia ini linaivunja upesi, hata mtu akimeza gramu 2 za kurkumini tupu, katika damu haionekani karibu kabisa. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliongeza miligramu 20 tu za piperini, yaani kitu kinachowasha katika pilipili manga (si pilipili yetu nyekundu ya sombe). Kurkumini katika damu ikapanda mara 20. Piperini haikuifanya manjano iwe kali zaidi. Ililifunga ini mikono kwa muda.

Wamama wa India, kabla ya laboratoire kuzaliwa, walikuwa wanakaanga manjano katika mafuta pamoja na pilipili manga. Katika chungu, kwa kiasi cha mchuzi, hakuna ubaya, na mimi mwenyewe ninaipenda. Ubaya unaanza pale ambapo watu wanaweka vitu hivyo viwili katika vidonge vyenye nguvu nyingi, na mtu anameza kila siku, miezi. Italia mwaka 2019, na Australia mwaka 2023, wakuu wa afya walitoa onyo kwa sababu watu waliotumia dawa za manjano walipatwa na ugonjwa wa ini, macho yakageuka ya njano.

Na kuna jambo la kuogopesha kuliko hilo. Mlinzi uliyemfunga mikono hachagui gari la kuacha lipite. Mtu mwenye kifafa anayekunywa phénytoïne, mwenye pumu anayekunywa théophylline, mwenye presha anayekunywa propranolol, akiongeza piperini, dawa hizo nazo zinapanda katika damu. Kipimo alichopimiwa na munganga kinageuka kuwa kikubwa bila yeye kujua. Hata tunda linaweza kufanya hivyo. Mwaka 1989, huko Canada, watafiti walitumia maji ya pamplemus ili kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha. Dawa ikapanda katika damu kuliko walivyotazamia. Wakatafuta sababu, wakakuta ni pamplemus.

Rifampicine ya kifua kikuu inafanya kinyume: inaongeza walinzi. Mgonjwa wa kifua kikuu akimeza ile Coartem, damu yake inaweza kupata kidogo sana, hata akila karanga debe nzima. Kwa hiyo aeleze mapema dawa zote anazokunywa, pamoja na zile za mizizi. Najua kwa nini watu wanaficha. Wanaogopa kutukanwa. Ninyi waganga mnaosoma gazeti hili, nawaomba kwa upole, msiwatukane. Yule mama angenikaripia usiku ule, ningesema uongo.

Pemba, chai, na chupa ya lutuku

Wamama wenye mimba wengi wanapenda kutafuna pemba. Sitawahubiri, najua hamu ya mimba si mchezo. Lakini udongo ule mweupe ni kama siponji. Unashika dawa tumboni na kutoka nayo. Imepimwa kwa chloroquine, ikaonekana hivyo. Pia udongo unaouzwa sokoni katika nchi nyingi umekutwa na plomb, inayoharibu ubongo wa mtoto, na sisi tunaoishi katikati ya migodi tuna sababu ya kuogopa zaidi. Kama huwezi kuacha leo, angalau acha masaa 4 yapite kati ya pemba na dawa.

Vile vile vinini vya fer wanavyopewa kwa ajili ya damu. Wengi wanavimeza na chai ya asubuhi. Chai inashika fer, na zaidi ya nusu inaweza kupotea. Meza na maji, na machungwa ao ndimu kando, maana hayo yanaisaidia kuingia. Lengalenga nayo ukiikamulia ndimu, ile fer yake inaingia zaidi. Chai utaikunywa baadaye, haikimbii.

Na wale wanaolowesha mizizi katika lutuku? Mnajua msimamo wetu juu ya lutuku, sitaurudia. Lakini nijibu kama mtu aliyeulizwa: ni kweli, pombe inatoa vitu fulani katika majani ambavyo maji hayawezi kutoa. Ndiyo sababu ile chupa inapiga. Lakini hakuna anayejua ni kiasi gani kimetoka, na ini linalongoja mbele linapokea mizigo miwili kwa mara moja. Kwa mtoto ao mama mwenye mimba, usijaribu hata kijiko.

Siku moja baada ya ibada mzee mmoja aliniuliza: "Pasta, na tini za Hezekia?" Nilimjibu kwamba zile ziliwekwa juu ya jipu, hazikumezwa. Akacheka sana.

Artemisia yetu ingali nyuma ya nyumba. Sikuing'oa. Siku ya Yenga, baada ya mtoto kutoka lopitali, nilisimama pale pale nilipogawia miche, nikaeleza yote, na baba mmoja akanijia mlangoni akasema kwamba mke wake alikuwa siku ya nne ya chai. Tulikwenda wote watatu dispanseri, wakamtoboa kidole, malaria ilikuwa ingali mule.

Msimu wa mvua uliopita binti yetu mdogo aliugua. Kipimo kilionyesha malaria, tukapewa vinini kwa uzito wake: kipimo cha kwanza palepale, cha pili baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili. Yule kaka yake, ambaye sasa ananipita urefu, aliingia jikoni mwenyewe, akakaanga karanga, akazitwanga, akazitia katika uji. Nilimkuta anaonja kwa kijiko kikubwa. Nikamwambia, "Wewe hauko mgonjwa." Akasema, "Papa, napima kama mafuta iko ya kutosha."